Hizi akaunti zinazotuvamia tukiuliza pesa za basari: nani anazilipa?

#1 Dada_Section58 (Nakuru)
Salamu wadau. Sisi ni kikundi cha vijana na akina mama wachache hapa Nakuru, hatuna chama na hakuna mwanasiasa anatulipia hata chai. Tuliandika barua kuomba hesabu ya basari za wadi yetu, zile pesa za karo: shule gani, kiasi gani, mwaka gani. Basi. Katiba kifungu cha 35 inatupa hiyo haki na kuna sheria nzima ya 2016 ya kupata habari, kwa hivyo hatukua tunaomba fadhila ya mtu. Barua tukaiweka Facebook na X ndio watu wajue imefika.

Jioni moja zikatuangukia. Akaunti makumi ndani ya lisaa limoja, zote zinasema sisi ni vibaraka wa mpinzani fulani, alafu wenzangu wanaume wakaachwa nikabaki mimi. Picha yangu ya harusi ya dadangu ikachukuliwa, kichwa changu kikabandikwa kwa mwili wa mtu mwingine, wengine wakataja ploti ninayoishi na rangi ya sare ya mtoto wangu. Hiyo ya sare ndio ilininyima usingizi. Na angalieni hii: akaunti chungu nzima zimeandika sentensi moja, na zote zimekosea neno "mwanaharakati" mahali pamoja.

Mimi nasema zimelipwa, na zimelipwa na mtu anayeogopa hiyo hesabu. Mnaosema ni wananchi wamekasirika, nielezeni mwananchi anakasirikaje kwa kunakili. Kuna mwenye amewahi kufuatilia mpaka akajua pesa inatoka wapi?

#2 Omwami_Lurambi (Kakamega)
Mulembe dada, pole sana. Huku ilitupata tukiuliza barabara. Ile ile, jioni, makumi kwa mpigo. Washtaki, kuna ile sheria ya kutumia vibaya kifaa cha mawasiliano, kifungu cha 29, watu wamelala ndani juu ya hiyo.

#3 Mzee_Kiamunyi (Nakuru)
Pole mama. Lakini tusikimbilie kulipwa. Mimi naishi na hawa watu. Mzazi ambaye mtoto wake amepata elfu tano ya basari akisikia mnataka orodha anaona mnataka kumnyang'anya. Anaingia Facebook anatukana, anamtumia shemeji maneno yale yale, shemeji naye anabandika vile vile. Watu wetu wanasambaza maneno bila kubadilisha hata nukta, angalieni grupu za WhatsApp za familia. Na majina ya watoto maskini kuwekwa hadharani, hiyo ni sawa? Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

#4 Dada_Section58
Mzee kwa heshima, rudi usome. Tuliomba jina la shule na kiasi, tukaandika wazi jina la mtoto lifichwe. Na huyo shemeji amejuaje rangi ya sare ya wangu?

#5 Mzee_Kiamunyi
Hapo kwa sare nakubaliana nawe, hiyo si hasira, hiyo ni vitisho.

#6 Fundi_Kondele (Kisumu)
Niongee ya upande wa kibanda. Mimi natengeneza simu hapa Kondele na kuna vitu huwa vinapita kwa meza. Akaunti ya kushambulia haitengenezwi usiku ule wa kushambulia, ile mpya haina nguvu, X na Facebook wanaikamata haraka. Watu wanatafuta akaunti nzee. Ile ya 2012, 2014, iko na marafiki, iko na picha za kanisa, mwenyewe alipoteza simu ama alisahau paswodi ama aliuza tu juu ya shida. Hiyo inabadilishwa jina na picha na inaanza kazi. Ndio mnaona akaunti "imekua hapa miaka kumi" na mnafikiria ni mtu wa kweli.

Ya pili ni laini ya simu. Akaunti inataka namba ya kuthibitisha, na namba inataka kitambulisho. Wapi vitambulisho? Wale wanauza laini barabarani chini ya mwavuli, unaambiwa "rudia kidole haijasoma", kumbe ya kwanza ilisoma na hiyo ya pili ni laini nyingine kwa jina lako, inauzwa kwa mwenye anazitaka. Wengi ni wamama wa soko na wazee. Bonyeza *106# kwa Safaricom uone ni laini ngapi ziko kwa jina lako, fanyeni leo. Nimeona mama wa Kibuye akilia kwa kiti changu juu alikuta namba hata hajui ni za nani.

Sasa nani analipa sijui. Lakini hiyo mali inanunuliwa, haiokotwi.

#7 Kijana_Kanduyi (Bungoma)
Fundi umeongea ukweli mtupu. Mimi nimeangalia yangu sasa hivi, niko sawa.

#8 Mwalimu_wa_Maseno
Kwa wanaouliza kama hii biashara ipo kweli: ilichunguzwa na kuandikwa. Wakfu wa Mozilla ulitoa utafiti wa Odanga Madung na Brian Obilo kuhusu Kenya. Walikuta kampeni angalau tisa, akaunti zaidi ya 3,700 na twiti zaidi ya 23,000, na walioshiriki walisema wanalipwa kati ya dola 10 na 15 kwa kazi ya siku, kampeni tatu hivi kwa siku. Walikuwa wanapewa maneno yaliyoandikwa tayari kwenye grupu za WhatsApp na saa ya kuyatupa. Kwa hiyo hilo neno lililokosewa mahali pamoja, dada, si ajabu hata kidogo. Aliyeandika karatasi alikosea mara moja, wengine wakanakili.

#9 Jabilo_Nyalenda (Kisumu)
Hiyo ilikua ya uchaguzi wa 2022 mwalimu, nakumbuka.

#10 Mwalimu_wa_Maseno
Hapana. Ilitoka Septemba 2021, na ilihusu BBI, ule mpango wa kubadilisha Katiba. Walioshambuliwa ni majaji walioitupa BBI tarehe 13 Mei mwaka huo, pamoja na wanaharakati wa Linda Katiba waliokuwa wanaipinga. Majaji waliitwa maadui wa amani mchana kutwa, na kipengele cha mada zinazovuma cha Twitter (sasa X) kikawapandisha washambulizi juu. Twitter ilifunga akaunti zaidi ya mia moja baada ya kuonyeshwa. Na wala haikuanzia hapo. 2017 kulikuwa na kampuni ya Harris Media ya Texas na video zao za kumchafua Raila, shirika la Privacy International waliandika. Cambridge Analytica, kampuni ya Uingereza, nao viongozi wao walionyeshwa na Channel 4 mwaka 2018 kwa video ya siri wakijisifu kuhusu Kenya.

#11 Jabilo_Nyalenda
Hao Cambridge walikua 2017 tu.

#12 Mwalimu_wa_Maseno
Walijisifu kwa uchaguzi wa 2013 na wa 2017, zote mbili. Jubilee wakasema ilikuwa kazi ya kupamba chapa ya chama tu.

#13 Omwami_Lurambi
Jabilo leo uko na hasara kwa mwalimu mabao mbili bila 😂 Kama Ingwe mbele ya Gor enzi zile.

#14 Jabilo_Nyalenda
Wewe mtu wa Ingwe ndio unaongea mambo ya mabao? Kaa chini omera.

#15 Bloga_Mstaafu (Nakuru)
Nimesoma kimya, wacha niongee. Nimefanya hiyo kazi. Sitataja mtu, msiniulize.

Mwenye yuko juu humjui. Unajua tu mwenye grupu. Yeye anasema "mteja", hasemi mheshimiwa. Asubuhi linakuja faili, ndani kuna maneno kama thelathini, hashitegi, picha, na akaunti za kulenga. Unaambiwa tupa saa kumi kamili mpaka saa kumi na mbili, usianze mapema juu hashitegi ikipanda polepole haionekani, lazima ije kwa kishindo. Ukimaliza unatuma linki na skrinishoti, pesa inakuja kwa M-Pesa kutoka kwa namba ambayo kesho haipatikani. Kulenga mtu kuna madaraja. La kwanza unamwambia amelipwa. La pili ni kabila. La tatu, kama ni mwanamke, ni mwili wake. Faili linasema hivyo, halizungushi.

Kwa nini watu wanakubali? Nilikua nimemaliza chuo, nyumba inadaiwa, na kuna grupu moja leo inatetea gavana na kesho hao hao wanamtukana kwa mteja mwingine. Wengi hatukua na chuki na mtu. Ndio maana Mzee wa Kiamunyi nakupinga, hiyo ya jioni moja kwa lisaa limoja si shemeji.

Lakini dada na wewe kuna mahali nakupinga. Unasema mwenye analipa ni yule anayeogopa hesabu. Si lazima. Nimeona kazi ambapo mteja ni mpinzani wa huyo mtu, anataka ionekane kama mheshimiwa ndiye anatesa wamama. Unatukanwa wewe, anayepakwa matope ni yeye.

#16 Dada_Section58
Hiyo sikua nimefikiria na imenitisha zaidi. Kwa hivyo uso wangu ulikua tu karatasi ya kuandikia barua ya watu wawili wakubwa?

#17 Mzee_Kiamunyi
Bloga, umesema humjui aliye juu, alafu unasema ni mpinzani. Umejuaje?

#18 Bloga_Mstaafu
Mwenye grupu alikua anaongea akilewa. Si ushahidi wa kortini, najua.

#19 Nyar_Dunga (Kisumu)
Oyawore. Mimi nataka kuongea ya kabila juu hiyo ndio inatumaliza huku. Kuna akaunti ziko na picha ya Baba, yaani Raila, zinaitwa majina ya kwetu, kazi yao ni kutukana Wakikuyu kwa jina letu. Alafu kuna zingine majina ya kina Kamau zinatukana Wajaluo. Zinaitana, zinajibizana, na watu wa kweli wanaingia katikati wanachomeka. Baada ya Raila kutuacha Oktoba 2025 tulikua tunaomboleza, na kila tulipoandika neno la majonzi hizo akaunti zilikua hapo kucheka, mpaka watu wakaanza kuapa kwamba jamii fulani yote imetucheka.

Ukiangalia vizuri utazijua. Moja iko na picha ya msichana, jina la kwanza "Odhiambo". Msichana gani wa Kijaluo anaitwa Odhiambo jina la kwanza? Ataitwa Adhiambo. Nyingine inasema iko Kisumu lakini inasema Kondele iko kando ya ziwa. Huyo hajawahi kukanyaga hapa. Lakini mtu wa Nyeri atajuaje hiyo? Kwake ni Mjaluo amemtukana.

#20 Fundi_Kondele
Kondele kando ya ziwa 😂 Nifungue basi na hoteli ya samaki.

#21 Nyar_Dunga
Cheka tu, lakini uchaguzi wa 2027 uko karibu na hizo ndizo zitatuwashia moto. Waliokufa Kondele juu ya uchaguzi wa 2017 hawakuwa akaunti.

#22 Kijana_Kanduyi
Mimi naona mnatafuta mwanasiasa kila mahali na mnaacha kitu kiko wazi. X ilianza kulipa wenye akaunti 2023 kulingana na wangapi wanaona na kujibu. Tiki ya bluu nayo inanunuliwa tangu Elon Musk achukue hiyo kampuni Oktoba 2022. Sasa mtu amekaa Bungoma hapa hana kazi, amenunua tiki, akiandika "habari ya asubuhi" hakuna anayejibu, akimtukana mama wa Nakuru anajibiwa na mia tano wamekasirika. Kila hasira yenu ni senti kwake. Nawajua watatu. Hawana mheshimiwa, hawana grupu, wanafuata kelele iko wapi. Dada wakikuvamia usiwajibu hata mmoja, ukijibu umewalisha.

#23 Bloga_Mstaafu
Hao wapo, ni ukweli. Lakini hao huja siku ya pili, baada ya moto kuwaka. Wa kwanza ni wa faili.

#24 Wakili_Mtaani (Eldoret)
Samahani nimechelewa. Nirekebishe #2 kwanza. Omwami, kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano hakipo tena. Jaji Mumbi Ngugi alikitupa Aprili 2016 katika kesi ya Geoffrey Andare, juu kilikua kipana kiasi kwamba kila chapisho lingeweza kuwa kosa. Mtu akikutisha nacho leo anakudanganya.

Kilichopo ni Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018. Kifungu cha 27 ndicho cha kusumbua mtu mtandaoni, adhabu inafika faini ya milioni 20 ama miaka 10 jela. Na kuna sehemu watu hawaijui: korti inaweza kuamuru kampuni ya mtandao ama ya simu itoe taarifa za mwenye laini ama akaunti ili ajulikane ni nani. Hapo ndipo swali la dada lingejibiwa, laini ni ya nani na M-Pesa ilitoka wapi. Ya picha iko kifungu cha 37, kusambaza picha za aibu za mtu, lakini hapo faini mwisho ni laki mbili ama miaka miwili. Laki mbili kwa kumvua mtu nguo mbele ya nchi nzima! Hiyo inaniuma kila nikiisoma.

Sasa shida. Sheria hiyo hiyo ndiyo inatumika kukamata wanaharakati. Rose Njeri alikamatwa Mei 2025 juu ya kutengeneza tovuti ya kuwasaidia watu kutuma barua pepe bungeni kupinga Mswada wa Fedha, mwezi uliofuata korti ikaitupa kesi. Oktoba 2025 Rais akatia sahihi marekebisho yanayopanua hicho kifungu cha 27, siku chache baadaye Mahakama Kuu ikasimamisha vipande vyake kwa ombi la mwanaharakati Reuben Kigame na shirika la haki za binadamu la KHRC. Kwa hiyo ukienda nacho kortini, wakili wako aangalie kimefika wapi siku hiyo.

#25 Omwami_Lurambi
Asante wakili, nimeelewa.

#26 Nyar_Dunga
Wakili unasema twende polisi. Albert Ojwang alikua mwalimu, ametolewa kwao Homa Bay tarehe 7 Juni 2025 juu ya chapisho la X kuhusu Naibu Inspekta Jenerali, akapelekwa mpaka kituo cha polisi cha Central, Nairobi, tarehe 8 amekufa seli. Polisi wakasema aligonga kichwa ukutani, wapasuaji wakasema la, alipigwa na alikabwa shingo. Mlalamishi mkubwa akilalamika mtu anasafirishwa usiku kupita kaunti ngapi. Mimi mwanamke wa Dunga nikilalamika naambiwa "si uzime simu". Unataka niende dirisha gani?

#27 Wakili_Mtaani
Sina jibu la kukutuliza kwa hilo, na umesema kweli. Kuna njia zisizopitia kituo. Ukianikwa ploti yako, picha zako, mambo ya mtoto, hiyo ni data ya kibinafsi, lalamika kwa Kamishna wa Data, hakulipishwi na sheria inampa siku 90. Unaweza pia kwenda kortini mwenyewe kwa kesi ya madai. Polepole, ndio, lakini kuna karatasi inabaki.

#28 Mzee_Kiamunyi
Niulize kitu na msinirukie. Juni 2024, wakati wa Mswada wa Fedha, vijana mlianika namba za wabunge mkawa "mnawasalimia". Mbunge anapokea maelfu ya meseji usiku na mchana, mkewe anapigiwa, watoto wake wanatajwa. Ilipangwa, ilikua na saa, ilikua na maneno ya kunakili. Tofauti yake na hii ya mama huyu ni nini? Nilikua napinga huo mswada mimi pia, nilikua nalipa kodi kabla nyinyi mzaliwe. Lakini nauliza.

#29 Kijana_Kanduyi
Mzee tofauti iko wazi kama jua. Mbunge amechaguliwa, analipwa na mimi, namba yake ni ya kazi. Sisi tuliandika kwa majina yetu na namba zetu, hatukujificha. Tulimwambia kataa Mswada wa Fedha. Watu waliuawa kwenye maandamano, tume ya haki za binadamu ya KNCHR ilihesabu 60, na bado unalinganisha meseji na hiyo?

#30 Mzee_Kiamunyi
Sijalinganisha na risasi kijana wangu. Nimelinganisha na kutaja watoto wa mtu.

#31 Mama_Njoro
Mzee ana hoja na kijana ana hoja. Meseji ya "kataa mswada" ni haki yetu kabisa, hata elfu kumi. Kutaja mtoto wa mbunge anasoma wapi si haki ya mtu yeyote, na nilisema wakati huo nikaitwa msaliti na watu wa upande wangu mwenyewe, akaunti zisizo na sura, lugha ile ile ya faili. Hapo ndipo nilijua hii kitu haina chama.

Binti yangu alikua mbele mbele kwa maandamano ya 2024. Sauti nzuri, anaeleza bajeti hapo barabarani mpaka mama wa mboga anaelewa. Wakatengeneza picha zake. Si za kweli, na kila mtu mwenye akili alijua si za kweli, lakini zilifika kwa mwajiri, kwa kanisa, kwa babake. Hakupigwa, hakukamatwa. Alifunga akaunti zote akaenda kuishi na dadangu. Sasa anauza mitumba na mtu akitaja siasa anatoka chumbani. Mnabishana nani alilipa. Aliyelipa alipata alichonunua, maana yeye amenyamaza. Wenzake wa kiume waliotukanwa siku ile ile bado wanaandika.

#32 Dada_Section58
Mama nimelia hapa. Mwambie tuko wengi, na akitaka mtu wa kuongea naye nje ya siasa niko.

#33 Mwalimu_wa_Maseno
Pole sana mama. Alichopitia binti kinafanana na ripoti ya shirika la haki za binadamu la Amnesty ya Novemba 2025 kuhusu vijana wa maandamano ya 2024 na 2025. Nao wamezungumza na mtu aliyekuwa analipwa kusukuma hashitegi za kutetea serikali, na wameeleza jinsi wasichana wanavyoandamwa kwa mambo ya mwili.

#34 Jabilo_Nyalenda
Mimi nitasema ile hamtaki kusikia. Zingine ni zetu. Kikundi chetu hapa Kisumu kilipasuka juu ya pesa ya usafiri ya kongamano fulani, na wiki hiyo hiyo zikatokea akaunti mbili zinajua mambo ya ndani ya mkutano, nani alisema nini, nani alikula wapi. Mheshimiwa hakua kwa huo mkutano. Alikua mmoja wetu, na mpaka leo tunakaa pamoja tukiangaliana. Dada huyo mwenye anajua rangi ya sare, anaweza kuwa ametoka mbali kweli?

#35 Dada_Section58
Jabilo hiyo imeniingia vibaya. Sitaki kuiamini. Lakini picha ya harusi ilikua kwa grupu ya familia na kwa simu za watu wachache tu wa kikundi.

#36 Bloga_Mstaafu
Usianze kuwinda wenzako kabla ya ushahidi. Hiyo pia imo kwa faili, kupanda shaka ndani ya kikundi. Nimeona kikundi kizima kikifa juu ya skrinishoti moja ya kutengenezwa.

#37 Jabilo_Nyalenda
Na nimeona kikundi kikifa juu ya kukataa kuangalia.

#38 Fundi_Kondele
Tuangalie basi kitu kinaonekana. Tangu Novemba 2025 X iko na sehemu ya kuhusu akaunti, bonyeza pale tarehe ya kujiunga imeandikwa. Inaonyesha nchi akaunti iko, ilianza lini, na imebadilisha jina mara ngapi. Hiyo ya jina ndio tamu. Mtu wa kawaida habadilishi jina mara saba. Dada chukua kumi zilizokuandama uangalie.

#39 Dada_Section58
Nimerudi. Karibu zote zinaonyesha Kenya. Nyingi zimebadilisha majina, zingine mara nyingi sana. Moja ukishuka chini kabisa ilikua inauza mapazia. Moja ilikua ya shabiki wa Arsenal, alafu kimya miaka, alafu imezinduka inanitukana. Lakini tatu hazijabadilisha chochote, ziko na ndugu, ziko na picha za shamba Molo, na ni watu. Watu kabisa.

#40 Mzee_Kiamunyi
Nilisema.

#41 Kijana_Kanduyi
Nchi msiiamini sana, mtu akiwasha VPN, ile programu ya kuficha uko wapi, inaweza kudanganya. Na hao watatu wa Molo angalia kama wako na tiki ya bluu.

#42 Dada_Section58
Mmoja anayo.

#43 Wakili_Mtaani
Usizifunge kabla hujahifadhi. Jina la juu linabadilishwa kwa dakika moja, kwa hiyo chukua linki kamili ya chapisho, ile anwani inayoanza na @, tarehe na saa. Skrinishoti peke yake wakili wa upande wa pili ataipasua, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti cha aliyetoa nakala, ilitoka kwa kifaa gani na kilikua kinafanya kazi sawa. Mwambie mtu mmoja wa kikundi afanye hiyo kazi, asiwe wewe, usizisome tena mara mia.

#44 Omwami_Lurambi
Hii ya 106B nimeiandika kwa daftari. Wakili na sisi wa barabara tufanye hivyo hivyo?

#45 Wakili_Mtaani
Hivyo hivyo, kama machapisho bado yapo.

#46 Omwami_Lurambi
Mengi yalifutwa usiku ule ule.

#47 Bloga_Mstaafu
Hufutwa saa nne usiku. Ukishatuma skrinishoti na kulipwa unaambiwa usafishe.

#48 Nyar_Dunga
Kwa hivyo hiyo skrinishoti ya kulipwa iko kwa simu ya mwenye grupu. Bloga, zako bado unazo?

#49 Bloga_Mstaafu
Niandikie inboksi, si hapa.

#50 Mama_Njoro
Fundi nimebonyeza ile *106#. Nimepata laini mbili siyo zangu. Sasa nifanyeje?

#51 Fundi_Kondele
Mama beba kitambulisho chako uende duka la Safaricom lenyewe, si ajenti wa mwavuli, waambie hizo mbili si zako wazifunge. Zinakili namba kabla zifungwe, umpe wakili.